MALI BILA DAFTARI

(Hotuba iliyosomwa Tumati, wilaya ya Mbulu, mbele ya wanachama na wapenzi wa chama)



Tumeombwa kusema habari za vyama vya elimu na kazi zao za mwaka hata mwaka. Twajua kuna ndugu waliokuja hapa wakitazamia habari za kadi, ada na uchaguzi wa tawi. Mambo hayo yana siku yake. Leo tunataka kuzungumza jambo lisilo na kelele wala ngoma, lakini ambalo tusipolishika mikononi mwetu wenyewe litashikwa na wengine, au litaanguka chini lisiokotwe na mtu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka analijua neno hili, na mwenye ng'ombe aliowakopesha jirani zake katika vijiji vitatu analijua zaidi. Sasa na tujiulize sisi watu wa Mbulu na Hanang: mali yetu ni nini, na daftari lake liko wapi?

MALI TULIYO NAYO

Tuanze na lugha. Katika nchi hii yetu, kutoka Ziwa Eyasi mpaka Kondoa, mtu akitembea siku chache tu kwa miguu atasikia lugha za asili mbali mbali sana. Kiiraqw na Kigorwaa ni lugha za Kikushi, jamaa za mbali za lugha za Ethiopia na Somalia. Kidatoga ni cha Wanailo. Kirangi, Kimbugwe, Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu. Tena wako Wahadza wa Bonde la Yaeda na Wasandawe wa Kondoa, ambao lugha zao zina sauti za kudoa kwa ulimi. Wataalamu wa lugha husema kwamba ni vigumu kuona mahali pengine katika Afrika ambapo koo hizi zote za lugha zinakaa jirani namna hii, zinaoana, zinauziana ng'ombe na kuazimana maneno. Hii ndiyo mali ya kwanza.

Mali ya pili ni kazi ya mikono ya babu zetu. Mwaka 1938 jarida la kilimo la Afrika Mashariki lilichapa makala ya Bwana B. J. Hartley juu ya namna wenyeji wa hapa kwetu walivyoukinga udongo wao usichukuliwe na mvua. Maana yake ni kwamba wakati ule ule Mwafrika alipokuwa akiambiwa kwamba hajui kulima, mtaalamu wa serikali aliona kazi ya mkulima wa milimani, akaiandika kuwa ni fundisho. Je, ni vijana wangapi hapa Tumati wanaolijua jambo hilo?

Mali ya tatu ni maneno ya wazee. Slufay inayosomwa mbele ya watu, mzee akitangulia na mkutano ukimwitikia, si maneno ya kupitisha wakati. Ndani yake mna sala, mna sheria ya kukaa pamoja, tena mna Kiiraqw ambacho watoto wetu wa shule hawakisikii mahali pengine.

CHAMA CHA ELIMU NI KITU GANI?

Ndugu zangu, chama cha elimu ni watu waliokubaliana kuulizana juu ya nchi yao na kuandika majibu. Basi. Si lazima wawe na shahada. Yawapasa wawe na daftari, subira, na uaminifu.

Tutazame mifano ya jirani. Huko Uganda chama cha namna hii kilianza Entebbe mwaka 1923, na mwaka 1933 kikachukua jina la Uganda Society. Mwaka uliofuata kikaanza kutoa Uganda Journal. Kazi zake ni rahisi kuzieleza: mihadhara ya wanachama, maktaba, na jarida. Mtu anasimama, anasema aliyoyachunguza, anaulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Yakiwa na maana, yanachapwa. Na wala si Wazungu tu walioandika. Mfalme wa Bunyoro mwenyewe, Omukama Tito Winyi, alichapa humo habari za wafalme wa nchi yake tangu mwaka 1935, akitia herufi K. W. badala ya jina lake. Yeye hakungoja mgeni aje kumwambia babu zake walikuwa akina nani.

Kwetu Tanganyika, mwaka 1936 lilitoka toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records, jarida lililokuwa baadaye chini ya Tanganyika Society. Baada ya Muungano wa 1964 jina likageuzwa kuwa Tanzania Notes and Records. Lilichapa habari za milima, ndege, makabila, njia za zamani, na makaburi ya pwani. Habari zetu zimo. Bwana G. McL. Wilson aliandika humo juu ya Wadatoga mwaka 1952 na 1953. Miaka hiyo hiyo ya 1950 Bwana H. A. Fosbrooke aliandika juu ya nyumba za Wairaqw zilizochimbwa ubavuni mwa mlima na kuezekwa kwa udongo, ili adui anayekuja kuteka ng'ombe apite asione kitu ila majani.

Tena iko Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 kwa nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kusanifu lugha, kupima vitabu vya shule, na kutoa jarida. Miaka ya kwanza wajumbe wake walikuwa Wazungu, wakiamua namna Mwafrika atakavyoiandika lugha yake mwenyewe. Kamati ilihama Dar es Salaam ikaenda Nairobi, ikaenda Makerere, ikaenda Mombasa, mwisho ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu. Jarida lake leo laitwa Kiswahili, na wanaoandika humo ni Waafrika kwa wingi. Hapa tunajifunza neno moja: chombo kilichoundwa na mtawala kinaweza kushikwa na wenyeji, kikatumika kwa faida yao, ikiwa wenyeji wako tayari kufanya kazi yake.

Na mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru, kiliundwa Chama cha Historia cha Tanzania. Hiki ndicho tunachopenda kukitaja zaidi, kwa sababu hakikukaa kuwalaumu waliotangulia. Kilianza kutoa vitabu vidogo vidogo vinavyomfaa mwalimu wa shule. Mwaka 1969 vijana wasomi wawili, Isaria Kimambo na Arnold Temu, wakahariri kwa jina la chama hicho kitabu kizima cha historia ya nchi yetu, kinachoanza na watu wa nchi hii, si na meli ya mgeni.

Mkivitazama vyama hivi vyote, mtaona mwaka wao unafanana. Kuna mkutano mkuu, ambapo hesabu husomwa na viongozi huchaguliwa. Kuna mihadhara. Kuna safari ya kwenda kuona kwa macho. Kuna maktaba. Kuna jarida. Ukiondoa moja, mengine yanalegea. Jarida bila mihadhara hukosa makala, na mihadhara bila jarida husahauliwa kabla viti havijarudishwa ndani.

FAIDA IMEONEKANA WAPI?

Huenda mtu akauliza: karatasi hizi zimemnunulia nani jembe?

Na tumjibu kwa mifano. Toleo lile la kwanza la 1936 lilikuwa na taarifa ya Dakta Louis Leakey juu ya magofu ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwetu. Hapo pana mifereji iliyojengwa kwa mawe na mashamba yaliyopangwa kwa mawe yanayofika kama eka elfu tano. Wageni walikuwa wameyaona tangu zamani za Wajerumani. Lakini baada ya taarifa ile kuandikwa, wengine waliweza kuisoma, kuibishia na kuendelea. Katika miaka ya 1960 alikuja Hamo Sassoon, na baada yake John Sutton wa taasisi ya Waingereza ya Nairobi inayotoa jarida la Azania. Leo twajua kwamba wakulima wa Engaruka waliishi pale kwa karne kadhaa na kuondoka katika karne ya 18. Ni akina nani? Wengine wamefikiri ni jamaa za Wasonjo, wengine wametutazama sisi Wairaqw. Shauri halijakatwa. Lakini hakuna mtu anayeweza kusema tena kwamba Mwafrika wa bara hakujua kumwagilia shamba mpaka alipofundishwa. Neno hilo limezikwa, na lililolizika ni daftari.

Mfano wa pili ni michoro ya miambani ya Kondoa. Mwaka 1950 jarida lilitoa toleo juu ya michoro hiyo. Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey akaja kuinakili. Mwaka 2006 UNESCO ikaitia michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Kati ya daftari na heshima hiyo ilipita miaka zaidi ya hamsini. Elimu haina haraka, lakini haisahau.

Mfano wa tatu ndio unaotugusa sisi watu wa siasa. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa kusini kuuliza wazee habari za Vita vya Maji Maji. Na tufanye hesabu pamoja. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905, mwaka 1968 alikuwa na miaka 73. Wangechelewa miaka kumi na tano, wangekuta makaburi. Walifika, wakauliza kwa lugha za nyumbani, wakaandika. Kwa hiyo leo tukiwataja mashujaa wa Maji Maji hatutegemei taarifa za maafisa wa Kijerumani peke yake.

SAA YETU SISI INASEMAJE?

Sasa hesabu ile ile na tuifanye hapa Tumati. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 bendera ya Uhuru ilipopanda mwaka 1961 sasa amepita sabini. Mtu aliyepiga kura mwaka 1960, kwa kuwa sheria ilitaka awe na miaka 21, amepita themanini. Wangapi wamebaki? Wahesabuni nyumba kwa nyumba, kisha mtujulishe kama tunayo miaka kumi na tano ya kungoja.

Na uchaguzi ule wa 1960, ndugu zetu, si jambo dogo kwa watu wa Mbulu. Kulikuwa na viti 71 katika Baraza la Kutunga Sheria. TANU ilipata 70. Kiti kimoja tu katika Tanganyika nzima kilichukuliwa na mgombea wa kujitegemea, nacho kilikuwa cha Mbulu. Aliyeshinda ni Ndugu Herman Sarwatt, aliyesimama bila kuteuliwa na chama, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa TANU. Jambo hili limo katika vitabu kwa mstari mmoja au miwili. Lakini kwa nini watu wa Mbulu waliamua hivyo? Walizungumza nini chini ya miti na kilabuni? Wazee wa koo walisema nini? Mstari mmoja haujibu. Wanaojua ni wazee wetu, nao wanaondoka.

Tunalisema jambo hili katika mkutano wa chama kwa makusudi. Kuna watakaosema kwamba ni aibu kukumbusha siku mgombea wa chama aliposhindwa. Sisi twasema kwamba chama kinachoogopa historia yake hakiwezi kumwambia mkoloni kuwa alipotosha historia yetu. Watu wale hawakukataa Uhuru. Walichagua mtu wao. Hilo nalo ni fundisho la kujitawala, na lazima liandikwe jinsi lilivyokuwa.

HASARA TULIYOKWISHA KUIPATA

Kutoandika kuna gharama. Tuwatazame ndugu zetu Wabarabaig wa Hanang. Desturi yao ni kumzika mzee mwenye heshima kubwa katika kaburi la bung'eda, linalojengwa kwa udongo, likawa mahali pa kuabudia kwa ukoo. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu na sehemu za jirani kwa msaada wa Canada, yakafika kama ekari laki moja. Trekta zilipita, na makaburi mengi yakalimwa. Mambo yakafika mahakamani. Wachunguzi walioandika baadaye waliandika vizuri, lakini waliandika wakati jembe limekwisha kupita. Kama kungalikuwako daftari la makaburi hayo, yenye majina ya mahali na ya koo, likiwa mikononi mwa wenyeji na ofisini pia kabla ya kipimo cha kwanza kupigwa, hakuna ambaye angaliweza kusema hakujua.

Au tutazame lugha. Kikw'adza kilisemwa hapa hapa Tanzania. Kiaasax kilisemwa katika nchi ya Umasaini. Zote mbili huhesabiwa na wataalamu kuwa jamaa za Kiiraqw. Zote zimekufa katika karne ya 20, nasi tumebaki na orodha fupi za maneno zilizookotwa mwishoni. Nyumba ya jirani imeungua. Na sisi tulioezeka kwa majani yale yale tunalala.

KASORO ZA KAZI YA ZAMANI

Hatusemi kwamba kila kilichofanywa na vyama vya zamani ni chema. Kasoro zilikuwako, na tatu ni kubwa.

Ya kwanza ni lugha. Kamusi nzuri ya Kiiraqw ilitoka mwaka 2002, kazi ya Maarten Mous wa Uholanzi, Martha Qorro wa Chuo Kikuu chetu, na Roland Kießling wa Ujerumani. Ni kazi ya heshima, na twafurahi kuona jina la binti wa nchi hii juu yake. Lakini maana za maneno yamo kwa Kiingereza, na kitabu kilichapwa Ujerumani. Mzee aliyetoa neno hawezi kusoma maana waliyompa.

Ya pili ni umbali. Kati ya 1934 na 1939 Ludwig Kohl-Larsen alichimba Eyasi, pamoja na pango la Mumba, akatoa mifupa na vyombo vya mawe vya kale sana. Vingi vikapelekwa Ujerumani. Sketi za ngozi zenye shanga walizozishona bibi zetu ziko katika nyumba za makumbusho za ng'ambo, na wasichana wetu hawajaziona.

Ya tatu ni kwamba wauliza maswali wengi walikuwa wanaume, wakawauliza wanaume. Mambo ya akina mama, kama malezi, dawa za watoto, ufinyanzi, na mafundisho ya wasichana, yaliandikwa kidogo. Anayefikiri kwamba nusu ya elimu ya nchi haipo kwa sababu haikuulizwa, anajidanganya.

Hata hivyo, siku hizi mambo yanageuka. Mwanahistoria wetu Yusufu Lawi ameandika juu ya mazingira ya Uiraqw na juu ya Operesheni Vijiji ya 1974 hata 1976 upande wa mashariki wa nchi yetu. Wachunguzi wa lugha za bonde letu, Watanzania na wageni, wameunda mtandao uitwao Rift Valley Network, wanazungumza kwa intaneti na kukusanya orodha ya maandishi yanayohusu nchi hii. Mlango umefunguliwa. Ni nani atakayeingia kwa niaba ya Tumati?

KUPIMA MANENO

Kuna neno moja linalotembea sana kwetu: kwamba Wairaqw walitoka nchi ya Iraq, kwa sababu majina yanafanana. Tumelisikia darasani, kilabuni, hata katika magari. Na tulipime kama chama cha elimu kinavyopima.

Ushahidi wake ni nini? Sauti ya jina tu. Kinyume chake kuna nini? Lugha yetu ni ya Kikushi. Jamaa zake wa karibu ni Kigorwaa, Kialagwa na Kiburunge, na wa mbali wako Ethiopia na Somalia. Kiarabu si ndugu wa karibu wa lugha yetu. Wazee nao, wakisimulia, hawaitaji Baghdad. Wanataja Ma'angwatay, wanamtaja Haymu Tipe, wanataja vita na Wabarabaig, na njia iliyowaleta mpaka Irqwa Da'aw, huko Kainam na Murray. Basi kwa nini tunayaacha maneno ya wazee wetu wenyewe tukashika mfanano wa jina? Sababu yake ni kwamba tulifundishwa kuona kwamba asili yenye heshima lazima itoke mbali. Mkataa kwao ni mtumwa. Chama cha elimu ndicho kinachothubutu kusema: neno hili ni tamu, lakini ushahidi hauko.

SHAURI LETU

Kwa hiyo twaleta shauri. Tumati ianze chama chake kidogo cha elimu, na mwaka wake ufuate mwaka wa shamba, kwa maana mkulima hawezi kuhojiwa huku jembe liko begani.

Kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili, watu wako shambani. Miezi hiyo iwe ya kutengeneza maswali na kuandika orodha ya wazee, wanaume kwa wanawake, walio wakongwe kwanza.

Juni hata Agosti, mavuno yakiingia, ndiyo miezi ya kuuliza. Vijana waende wawili wawili, mmoja aulize na mmoja aandike. Kwa akina mama waende wasichana.

Septemba iwe ya safari moja. Mwaka wa kwanza twende Irqwa Da'aw, tukaone mashamba ya milimani aliyoyasifu mgeni mwaka 1938. Mwaka wa pili Kondoa kwenye michoro. Mwaka wa tatu Engaruka.

Oktoba uwe mkutano wa kusomewa. Yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti mbele ya wale wale waliosema, kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, nao wasahihishe. Kisha Novemba, kabla ya mvua, hesabu zisomwe, viongozi wachaguliwe, na nakala zipelekwe.

Na kanuni ziwe nne. Kwanza: haliandikwi neno la mtu bila idhini yake, na mambo ya siri ya koo na ya tambiko, mwenyewe akisema yasitoke, yasitoke. Pili: kila karatasi iwe na jina la msemaji, mahali, tarehe, na maneno yake kwa lugha yake. Tatu: nakala moja ibaki nyumbani kwa msemaji, moja shuleni, na moja ipelekwe maktaba ya Chuo Kikuu. Nne: jambo lisipotupendeza, lisifutwe.

MASWALI YALIYOKWISHA KUULIZWA

Kabla ya kuja hapa tumewauliza watu kadhaa, nao wametupa pingamizi. Ni haki tuzijibu.

Mzee mmoja alisema: mkiandika nani alifika kwanza katika bonde gani, kesho mtu ataenda na karatasi hiyo barazani kudai shamba. Neno hili ni zito, wala hatulipuuzi. Jibu letu ni kwamba chama cha elimu hakigawi ardhi. Masimulizi ya kuhama yasomwe mbele ya koo zote, na pale zinapotofautiana, maneno ya kila upande yaandikwe pamoja, wala chama kisimtangaze mshindi. Karatasi iliyosomwa hadharani haina hatari kama ile iliyoandikwa gizani.

Kijana mmoja alisema: siku hizi simu inanasa sauti, daftari la nini? Vema, simu na itumike. Sauti ya mzee ni bora kuliko mwandiko wetu. Lakini simu huuzwa, huibiwa, huanguka mtoni. Sauti isiyo na jina wala tarehe wala nakala, baada ya miaka mitano haimfai mtu. Simu inase, daftari lihifadhi.

Mwingine aliuliza: je, chama cha siasa kitakimiliki chama hiki? Jibu ni hapana. Sisi tutaitisha mkutano wa kwanza, tutabeba viti, tutatafuta madaftari. Baada ya hapo mwenye kadi na asiye na kadi, Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu na mwenye dini ya babu zake, waingie kwa mlango mmoja. Elimu ikiwa na bwana, huanza kumsifu bwana wake, na mwisho hukoma kuwa elimu.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kuona kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni kundi la watu tu. Wizara haiwezi kufika kila jiko la Tumati. Haiwezi kumjua bibi anayejua dawa ya mtoto wala babu anayejua slufay nzima bila kukosea. Sisi tunawajua. Tunapita mlangoni pao kila siku.

Tunaomba basi mkutano huu ufanye mambo matatu kabla ya kutawanyika. Wachaguliwe watu watano, wawili kati yao wawe akina mama, kuandika orodha ya wazee. Walimu watupatie chumba kimoja cha shule kwa Jumamosi moja kila mwezi. Na kila mmoja wetu mwenye mzazi au babu aliye hai aende nyumbani leo na swali moja tu: mwaka wa 1960 ulikuwa wapi, na uliona nini?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Daftari tumelileta, liko hapa mezani. Ukurasa wa kwanza bado mweupe.